Aurora B haikai pale ili kupima umbali

Vitabu vingi vya baiolojia ya seli vinasema kwamba Aurora B, kinaze (kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini), hutumia umbali kutambua kromosomu zilizoshikwa vibaya seli inapogawanyika. Inakaa kwenye sentromia, kiungo kati ya kromatidi mbili, yaani nakala mbili za kromosomu moja. Mikrotubuli (nyuzi zinazovuta kromosomu) za ncha moja ya seli zikizishika zote mbili, hakuna mvutano. Kinetokori, sehemu ya kromatidi inayoshikwa na mikrotubuli, inabaki karibu, kinaze inaibandika fosfati Ndc80, protini yake inayoshika mikrotubuli, na mshiko unaachia. Zikivutwa pande zote mbili, kinetokori inasogea mbali na mkono wa kinaze, na mshiko unadumu.

Maelezo haya yana mizizi. Mwaka 1969 Bruce Nicklas na Carol Koch walitumia sindano ya kioo kuvuta kromosomu za panzi zilizoshikwa vibaya, na mshiko ambao ungekatika ukatulia kwa muda wote walioendelea kuvuta. Mwaka 2009, Aurora B iliposogezwa karibu na kinetokori katika seli za binadamu, mishiko sahihi nayo ikalegea. Lakini hilo linaonyesha kwamba kinaze ikikaribia huharibu, basi. Kwamba seli yenyewe hupima hivyo ni dai jingine.

Mwaka 2013 Christopher Campbell na Arshad Desai walikata, katika hamira, kipande cha protini ya Sli15 kinachoiweka Aurora kwenye sentromia. Kama umbali ndio kipimo, kromosomu zingevurugika. Hazikuvurugika, seli ziliishi na kugawana kromosomu vizuri. Kuna jingine lisiloniachia: hamira isiyo na Bir1, protini inayolingana na Survivin ya binadamu, hufa, lakini ukikata na kile kipande cha Sli15, inaishi. Jeraha la pili linaponya la kwanza! Bila kipande hicho kinaze hujikusanya kwenye mikrotubuli na kujiamsha yenyewe. Basi huenda sentromia ilikuwa mahali pa kuikusanya na kuiamsha tu.

Wapo walioyasoma matokeo hayo kana kwamba mahali hapana maana kabisa, wakayapuuza. Hayakusema hivyo. Mwaka 2019 ilionekana kwamba Sli15 iliyokatwa bado hushikwa na kundi la protini liitwalo COMA, ndani ya kinetokori yenyewe; katika seli hizo, ondoa Ctf19 ya kundi hilo na seli inakufa. Kinaze iliyopanda kinetokori husafiri nayo inapovutwa, kwa hiyo umbali kutoka sentromia hauna la kueleza hapo.

Watetezi wa umbali wana hoja moja nzito. Hamira ina mikrotubuli moja kwa kila kinetokori. Sisi tuna kama ishirini, na kinetokori moja yaweza kuvutwa kutoka ncha zote mbili kwa wakati mmoja, kosa lisilowezekana kwa hamira. Huko umbali bado unaweza kuwa na kazi. Ila tangu 2010 tunajua kuwa kinetokori za hamira zilizotolewa nje ya seli hushika kwa muda mrefu zaidi zikivutwa, bila msaada wa Aurora B. Sehemu ya kipimo imo kwenye mshiko wenyewe.