Kocha Afukuzwe? Kwanza Aitwe Aliyesajili

Hapa Edmonton, Kanada, timu ya hoki ya barafu, Oilers, ikifungwa mechi tatu mfululizo, wimbo ni ule ule niliouacha Kariakoo: kocha aondoke. Wiki hii nimeusikia redioni, kwenye basi, mpaka chumba cha chakula kazini, na umenichosha. Lakini mwenzangu mmoja pale kazini alifungua simu akanionyesha takwimu za kipa: kapigiwa michomo mingapi, kaokoa mingapi. Akaniuliza, "Huyu kocha ndiye aliyemsajili?"

Roho iliniuma. Lini sisi tuliuliza swali hilo?

Novemba 2023 Oilers walikuwa wameshinda mechi 3 tu kati ya 13. Wakamtimua kocha Jay Woodcroft. Siku hiyo hiyo meneja mkuu, Ken Holland, na bosi wake, Jeff Jackson, walikaa mezani mbele ya waandishi wakaulizwa maswali ya kukera. Waliulizwa hata kama nahodha Connor McDavid ndiye aliyemchagua kocha mpya, Kris Knoblauch, kwa kuwa aliwahi kumfundisha ujanani. Na kipa Jack Campbell, aliyepewa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 25, alikuwa ameshushwa timu ya chini siku chache kabla. Mji mzima ulijua saini ile ni ya nani: Holland.

Kwetu? Taarifa kwa umma, nembo ya klabu juu, "kwa makubaliano ya pande mbili", tunamtakia kila la kheri. Kesho yake kocha mpya anapokelewa uwanja wa ndege. Aliyeleta wale mawinga wawili wasiojua kupiga krosi yuko pale pale, anapanga usajili wa dirisha dogo.

Najua mtasema: kafika Kanada juzi, leo anatufundisha mpira. Sikilizeni, mimi ni Mwananchi, nimekaa juani kuisubiri Yanga kabla wengi wenu hamjajua jezi ni nini. Na siwasifu Wazungu kwa subira, maana hawana. Timu ya hoki ya Toronto haijabeba kombe tangu 1967 na makocha wamepita pale kama abiria wa daladala. Wala hakuna ukumbi huku, hata Rogers Place ya Oilers yenyewe, unaotikisika kama uwanja wa Mkapa siku ya dabi. Kwa kushangilia, watuige wao.

Wala sisemi kocha asifukuzwe kamwe. Knoblauch alikuja akashinda mechi 16 mfululizo, akaifikisha timu mchezo wa saba wa fainali ya 2024, wakafungwa 2-1 na Florida. Ilisaidia. Lakini kuna na timu ya Tampa Bay: 2019 walishinda mechi 62 kati ya 82, halafu wakatolewa raundi ya kwanza bila kushinda hata moja. Aibu iliyoje! Uongozi ukambakisha kocha Jon Cooper. Akabeba kombe 2020, akabeba tena 2021.

Msiniambie hayo ni ya Wazungu. Kocha Nabi alikuja Yanga Aprili 2021, msimu ule ubingwa ukaenda Simba, akaachwa afanye kazi. Tukapata ubingwa mara mbili na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Mliona wenyewe. Halafu Gamondi, aliyetupa ligi na kombe la shirikisho la nyumbani, tukamwondoa Novemba 2024 baada ya kufungwa na Azam na Tabora United. Mechi mbili!

Sasa yupo atakayeruka: "Mbona ubingwa wa msimu huo tulichukua?" Tulichukua, ndiyo, na nilishangilia mpaka majirani wakagonga ukuta. Makocha watatu msimu mmoja: Gamondi, Ramovic, Hamdi. Wachezaji waliokuwepo walikuwa wazuri kiasi kwamba yeyote angewafikisha. Kumbe basi tatizo la Novemba lilikuwa kocha kweli?

Hapo ndipo ninapotaka mnijibu, si kunitukana. Oilers wakimtimua kocha wao kesho, kuna mtu atakaa mezani aulizwe kuhusu kipa. Yanga au Simba wakimtimua wa kwao, nataka mwenyekiti wa usajili naye akae mezani, kamera zikiwaka, aeleze kila jina alilolileta, bei yake, na nani alimpendekeza.