Hodi Isiyosubiri Karibu

Hivi mtu anapiga hodi ya nini ikiwa hana nia ya kusubiri aambiwe karibu? Watu wa pwani tumelelewa tukijua kwamba hodi ni tatu, na usipoitikiwa unakwenda zako bila kinyongo. Hata Qurani, katika Sura An-Nur, inaagiza kwamba mkiambiwa rudini, basi rudini.

Sasa njoo Dar es Salaam, Jumapili saa moja asubuhi. Mtu analigonga geti kwa sarafu mpaka mbwa wa mtaa mzima wanabweka, na ukinyamaza anazunguka hadi dirishani, anakinga viganja usoni, anabandika pua kwenye wavu wa mbu na kuchungulia chumbani huku akiita, "Wenyewe mpo?" Tupo, ndugu yangu, tumelala! Unajifunga kanga, unatoka mbio ukidhani kuna msiba, kumbe anauza sufuria kwa mkopo. Ukimwambia huhitaji, anauliza baba mwenye nyumba yuko wapi. Anamtakia nini? Hapana yangu ina kasoro gani?

Jirani mwenye mgonjwa agonge hata usiku wa manane, nitafungua. Shangazi akishuka na mkungu wake wa ndizi bila taarifa, ni haki yake, na chai itapikwa. Lakini wewe muuza sufuria, nani alikuambia kwamba mlango uliofungwa unasubiri kusukumwa zaidi? Na tafadhali, ukiondoka, rudishia geti. Kuku wangu wameshatoka.