Kuhamia ndani ya Hiace Lubumbashi: lupango kwanza, kitanda baadaye

Vijana kadhaa wa hapa Lubumbashi, mji wa madini wa Kongo, hasa wenye kandarasi za muda kwenye kampuni za madini, wananiuliza swali moja: kwa nini mtu asinunue Hiace iliyotumika, ang'oe viti, aweke kitanda na paneli ya jua, ahamie humo na kuachana na kodi? Swali hili linastahili jibu la kweli. Wanaolicheka hawajui maisha ya vijana hao, na wanaolishangilia wameangalia video nyingi za Ulaya na Marekani bila kufikiria usiku wa komini kama Katuba hapa mjini.

Nianze na hoja ya kodi, maana ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Sheria ya 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji inasema garanti (amana anayoweka mpangaji) ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Aliyetafuta nyumba Lubumbashi anajua anaombwa kiasi gani hasa: zaidi ya hapo, kwa dola, na zote kwa mara moja. Sasa mfikirie fundi umeme ambaye kandarasi yake ya kwanza iko Likasi, ya pili Fungurume, ya tatu Kolwezi. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilomita 120, hadi Kolwezi kama 300. Huyo analipia nyumba mjini ambayo halali, kisha analipia chumba kule anakolala. Kwake gari linalobeba chumba chake ni hesabu halali kabisa.

Tena kulala ndani ya gari hapa kwetu si jambo la kigeni. Nenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, uone foleni ya malori. Madereva wanapika kando ya gurudumu, wanafua, wanaanika nguo kwenye kioo, wanangoja karatasi za forodha siku baada ya siku. Ila watazame vizuri. Usiku wanapanga malori karibu karibu, wanajuana, wanalindana. Na karibu kila mmoja ana nyumba mahali fulani, Ndola, Dar es Salaam au hapa hapa mjini, ambako mke na watoto wanamngoja. Lori ni kazi yake, wala hajaliita nyumba.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaolitetea wazo hili. Wanadhani Hiace inachukua nafasi ya nyumba. Inachukua nafasi ya chumba tu. Nyumba ya Lubumbashi inakuja na lupango, na lupango ni ukuta, geti, kisima au bomba, choo, majirani wanaokujua kwa jina, na mara nyingi santineli anayekaa macho usiku. Ukiikimbia kodi, hayo yote bado utayahitaji kila jua linapotua. Kwa hiyo mtu anayepanga gari la kuishi bila kujua ataliegesha wapi hajapanga kitu, hata kama amekwisha chora kitanda na kabati.

Kuegesha barabarani kwenye kartie (mtaa) usiku ni hatari kutoka pande mbili. Upande mmoja wapo wezi, ambao gari lenye betri na paneli juu linawaita lenyewe. Upande mwingine wapo wakaaji. Gari lisilojulikana, pazia limefungwa, mtu anapumua ndani saa nane za usiku: katika mji ambao familia nyingi zimevamiwa na watu wenye silaha, nani atawalaumu wakishtuka? Kelele ya "mwizi" ikishapigwa, hakuna anayengoja maelezo. Ndiyo maana nawashauri vijana hao wakubaliane kwanza na mwenye lupango, paruasi (parokia) au pakingi yenye ulinzi, walipe kila mwezi, na wajitambulishe kwa shefu wa kartie mchana kweupe wakiwa na kitambulisho mkononi. Gharama hiyo iingie kwenye bajeti kabla ya mbao. Kwa mwanamke anayeishi peke yake sioni njia nyingine. Wakipata mahali pa namna hiyo Lubumbashi na pengine pa pili Kolwezi, mpango unaanza kusimama.

Watetezi watasema kwamba ukilipia lupango umerudi kwenye kodi. Kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini nafasi ya gari moja ndani ya ua haiwezi kulingana na nyumba ya vyumba viwili, na haidai garanti ya kukumaliza. Faida inabaki, ila ni ndogo kuliko walivyoihesabu.

Jambo la pili ni hewa, na hapa sitaki kupunguza maneno. Juni na Julai Lubumbashi, kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Bati la gari linatoa baridi kama friji. Mtu atavutwa kuingiza mbabula (jiko la makaa) ndani, makala yakiwa yameshika vizuri na hayatoi moshi. Asifanye hivyo, hata mlango ukiwa wazi kidogo, hata kwa dakika chache za kupasha miguu. Makala yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya: yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokamata damu mahali pa oksijeni. Mtu anasikia kichwa kizito, anadhani ni uchovu, analala, haamki. Katika nafasi ndogo kama ya Hiace haichukui muda. Bukari (ugali) ipikwe nje. Baridi iondolewe kwa blanketi mbili na chupa ya maji ya moto. King'ora cha gesi hiyo kinachotumia betri ni kidogo na kinaweza kuagizwa. Mimi ningekinunua kabla ya paneli.

Baridi hiyo hiyo inaleta maji. Mtu mmoja akilala hutoa karibu nusu lita kwa pumzi na jasho, na maji hayo yanatua kwenye bati la baridi, yanateremka nyuma ya mbao, yanaanza kutu usikokuona. Kwa hiyo ukiziba kuta kwa frigoliti (povu gumu jeupe la kuzuia joto) na tripleksi (mbao nyembamba za plaiwudi), ibandike frigoliti ishikane na bati bila kuacha nafasi, kisha uache matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu, yenye wavu wa mbu. Oktoba, jua likiwa kali kabla ya mvua, paa ndilo litakalokutesa, si kuta. Pesa ya frigoliti ikiwa kidogo, anza na paa. Na usisahau kwamba injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele. Baada ya safari ya Likasi joto lake linabaki ndani muda mrefu, hivyo kichwa kilale upande wa mlango wa nyuma.

Umeme ndio unaowavutia wengi, kwa sababu ya delestaji (mgao wa umeme), na hapa nakubaliana nao karibu kabisa. Paneli moja ya wati 200 iliyolazwa juu ya paa inaweza kukupa kama wati-saa 700 kwa siku ya kiangazi. Taa, simu mbili, feni ndogo na kompyuta ya saa nne havifiki 500. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, inabeba wati-saa 1,200, lakini uitumie nusu tu kama hutaki ife mapema. Inatosha. Haitoshi kwa pasi, wala birika la umeme, na friji itakulazimisha kuongeza mara mbili kila kitu. Kuanzia Novemba mawingu ya mvua yatapunguza hesabu hiyo. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, na kaza vichwa vya nyaya kila baada ya safari ya barabara ya udongo, kwani mtikisiko huvilegeza na waya uliolegea huwaka.

Maji ni rahisi: bido (madumu) mbili za lita 20, na kukumbuka kwamba hizo ni kilo 40. Choo ni cha lupango.

Kuna jambo jingine ambalo video za ng'ambo haziwezi kutuambia. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini hapa Katanga wana kobalti nyingi mno kwenye mkojo wao, watoto zaidi kuliko watu wazima. Anayeishi garini na kufuata kazi ya migodi ataegesha karibu na migodi, kando ya barabara ya malori, madirisha wazi kwa sababu ya joto. Vumbi lile litalala naye. Ni afadhali kuendesha kilomita kadhaa kila jioni kuliko kulala getini kwa kampuni ili kuokoa mafuta.

Karatasi nazo zina usumbufu wake. Gari lililoandikishwa kubeba abiria, halafu halina viti, litakupa maneno marefu na polisi wa barabarani. Maliza suala la kadi na bima kabla ya kuanza safari.

Hoja ya wapinzani inayonigusa zaidi haihusu gari. Siku ya matanga, ndugu watakaa wapi? Wakwe wakija kukujua, utawaketisha juu ya nini? Hapa mtu anapimwa kwa geti lake, na wazazi wengi wataona mtoto wao amepotea. Sidhani wazazi hao wana akili fupi: nyumba kwetu ni mahali pa kupokea watu, na Hiace haipokei mtu. Kwa kijana asiye na mke wala mtoto, mwenye nyumba ya wazazi Kamalondo au Ruashi inayoendelea kumtambua, naona mpango unafaa kwa mwaka mmoja au miwili. Kwa mwenye watoto wa shule, hapana.

Huyo kijana nimwombe jambo moja la ufundi. Kitanda na kabati vifungwe kwa bolti kwenye matundu yale yale ya viti, visichomelewe, na paa lisitobolewe zaidi ya lazima. Viti vya zamani visiuzwe, vifunikwe vizuri kwa turubai na kuwekwa kwa wazazi. Kandarasi zikikauka, viti vinarudi siku moja, na Hiace inaanza kubeba abiria.