Mapendekezo ya Tume ya Malalamiko: Je, Yawe Amri?

Mwananchi aliyecheleweshewa mafao yake, au aliyeondolewa kwenye ardhi bila utaratibu kufuatwa, anaweza kwenda mahakamani, akakutana na ada, mawakili na tarehe zinazoahirishwa. Anaweza pia kwenda kwenye chombo huru cha kupokea malalamiko, ambacho humsikiliza bila malipo, huitisha majalada ya ofisi inayolalamikiwa na kutoa maoni yake. Chombo cha aina hiyo kilianza Uswidi mwaka 1809. Barani Afrika Tanzania ndiyo iliyotangulia, ilipounda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966. Ubishi ambao haujaisha tangu hapo ni kama maoni ya chombo hicho yabaki kuwa mapendekezo, au yawe amri.

Tume ya 1966 ilizunguka mikoani, ikapokea malalamiko hata kwa mdomo, kisha ikapeleka taarifa kwa Rais, ambaye ndiye aliyeamua la kufanya. Kwa mkulima aliyeonewa na ofisa wa wilaya, kufikishiwa neno lake Ikulu halikuwa jambo dogo. Lakini haki yake iligeuka kuwa hisani ya mtu mmoja. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyochukua nafasi hiyo kwa sheria ya mwaka 2001, ilipewa zaidi. Mamlaka inayopewa pendekezo inatakiwa kueleza hatua ilizochukua ndani ya muda usiozidi miezi mitatu, na isipotekeleza, Tume inaweza kufungua shauri mahakamani au kushauri mwingine afanye hivyo.

Kifungu hicho kilipimwa mapema. Mwaka 2001 wanakijiji wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, shirika lisilo la kiserikali, kiliwasilisha malalamiko yao, Tume ikasikiliza pande zote na kupendekeza walipwe fidia, na Serikali ikakataa. Shauri la kutaka utekelezaji lilipofunguliwa, Mahakama Kuu iliona haina mamlaka hayo; Mahakama ya Rufani ikasema inayo.

Wanaotaka mapendekezo yawe amri huona hapa ushahidi wa kutosha. Ikiwa mtu aliyechomewa nyumba anashinda mbele ya Tume na bado analazimika kupanda ngazi za mahakama, basi ile nafuu ya kutolipa ada na kutohitaji wakili imepotea njiani. Kutoka Afrika Kusini wanapata hoja nzito zaidi: mwaka 2016, katika suala la fedha za umma zilizotumika kwenye makazi ya Rais Jacob Zuma huko Nkandla, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba hatua zilizoelekezwa na Mlinzi wa Umma (mkuu wa chombo cha malalamiko cha nchi hiyo), Thuli Madonsela, ni za lazima hadi mahakama itakapozitengua. Zuma akalipa.

Upande wa pili hauna hoja nyepesi. Mahakama ya Juu ya Kenya, mwaka 2021, ilikataa kuyafanya mapendekezo ya ofisi ya Ombudsman, chombo cha malalamiko cha nchi hiyo, kuwa ya lazima, ingawa kaulimbiu ya ofisi hiyo ni "Hata mnyonge ana haki". Anayechunguza, akipewa na uwezo wa kuamuru, anakuwa mpelelezi na hakimu kwa wakati mmoja. Ofisa aliyekuwa tayari kufungua jalada na kusema "tulikosea, tutarekebisha" atamwita mwanasheria kwanza, kwa kuwa kila neno lake linaweza kumgharimu. Malalamiko mengi ya kila siku, kama vile barua isiyojibiwa, cheti kilichokwama au malimbikizo ya mshahara, humalizwa na simu moja ya mchunguzi, na simu hiyo hupokelewa vizuri kwa sababu haitishi.

Nionavyo mimi, aina ya lalamiko ndiyo inayopaswa kuamua. Penye madai ya fedha kati ya mteja na kampuni, uamuzi unaweza kuwa wa lazima kwa kampuni bila madhara makubwa. Nchini Uingereza, uamuzi wa msuluhishi wa migogoro ya huduma za fedha huwa wa lazima kwa kampuni pale mlalamikaji anapoukubali, na asipoukubali mlango wa mahakama uko wazi kwake. Penye mamlaka ya dola, kwenye ardhi, jeshi la polisi na magereza, ningependelea mpango wa Tanzania wa pendekezo lenye mahakama nyuma yake. (Sheria hiyo hiyo, bahati mbaya, inamwachia Rais uwezo wa kuzuia uchunguzi kwa sababu za usalama wa taifa.)

Udhaifu wa mpango huo uko kwa anayebeba mzigo wa kwenda mahakamani. Katika suala la Nyamuma aliyeubeba ni shirika lisilo la kiserikali, wakati Tume yenyewe, iliyokuwa na ushahidi, wanasheria na ruhusa ya sheria, ingeweza kusimama kama mdai. Neno "inaweza" katika kifungu kile lingebadilishwa kuwa "itafungua", angalau pale miezi mitatu inapopita bila jibu lolote, maofisa wangekuwa na sababu ya kujibu mapema, na mchunguzi asingehitaji kuvaa joho la hakimu.