Shan ya Ngara haikufa, ilibadilisha kazi tu

Nimechoka kusikia ati sinema za zamani za Nairobi zilikufa zote. Si zote. Shan ya mtaa wa Ngara ipo, na watu wanapita karibu nayo kila siku wakienda kuchagua mitumba na hawajui mle ndani kunaendelea nini.

Ngara siku hizo ilikuwa ya Wahindi sana, familia za watu wa reli na wenye maduka, ukivuka tu Mto Nairobi kutoka katikati ya mji umefika, na Shan ilikuwa yao, picha za Kihindi zile ndefu zenye mapumziko katikati. Lakini picha za Kihindi hazikubaki za Wahindi peke yao, mamangu mpaka leo akiosha vyombo anaimba nyimbo zao na haelewi hata neno moja. Halafu miaka ya 80 video zikaingia, kaseti moja inatazamwa na ukoo mzima sebuleni, na familia nyingi za Ngara nazo zikahamia Parklands, basi nani tena atakata tiketi?

Sinema zingine za mji mnajua zilivyoenda. Globe na Odeon siku hizi ni majina ya stej za matatu, kijana anamwambia konda nishushe Odeon na hajui kama palikuwa na sinema. Kumbi kadhaa zikawa makanisa na mimi sina neno na hilo, kanisa angalau linaacha ukumbi ukiwa ukumbi. Kinachoniuma ni zile zinazokatwakatwa kuwa eksibisheni, vibanda vya simu na nguo, kwa sababu ukishatia sakafu nyingine katikati na kuta za mbao kila mahali umemaliza, hakuna mtu atakuja kuzibomoa ati arudishe steji.

Shan ilipona hapo. Miaka ya 2000 ikachukuliwa na Sarakasi Trust, shirika lililoanza 2001 kufunza vijana sarakasi na densi, skrini ikapisha steji na jumba likaitwa Sarakasi Dome. Shan kwa Kihindi ni fahari, na sisi tuna shani yetu, kitu cha kustaajabisha, kwa hivyo naona jina la kale bado linafaa kabisa.

Na haikuwa bahati tu, jengo lenyewe lilikuwa linafaa. Ukumbi wa sinema hauwekwi nguzo katikati maana nguzo ingeziba picha, na dari inakuwa juu ili mwanga wa projekta upite juu ya vichwa vya watu. Sasa fikiria vijana wanaopandiana mabegani watu watatu kwenda juu, wapeleke kwa social hall ya mtaa uone kama yule wa juu hatagonga feni. Nairobi imejaa wanasarakasi na wacheza densi, wengi wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya mji, wanafanyia mazoezi kwa vumbi, na wakiiva wanaitwa Ulaya na Asia kwenye sarakasi kubwa za huko huku sisi wenyewe hatujawaona. Kaunti ikiacha ukumbi mwingine wa hivi ugeuzwe vibanda itakuwa imetukosea sana, na tukingoja tujengewe mpya tutazeeka.

Kuna siku nilikaa kuwatazama vijana wa kazi hii wakifanya mazoezi. Yule wa kupanda juu alikuwa mwembamba, miguu mitupu, na kabla ya kupanda akapangusa nyayo kwa suruali, wa kulia halafu wa kushoto, taratibu kama mtu anayeingia msikitini. Wa chini magoti yalikuwa yanamtetemeka kidogo. Mtu akahesabu moja, mbili, kijana akapanda, akasimama wima akanyoosha mikono juu, na bado ilibaki nafasi ya mtu mwingine kati ya vidole vyake na dari.