Mume wangu alinipeleka nyumba ndogo

Kosa lilikuwa langu. Niliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp bila kufikiri: "Mimi na mwenzangu tumepanga nyumba ndogo Ludlow, siku nne." Simu haijafika mezani, dada yangu wa Tanga ameshapiga. "Wewe! Nyumba ndogo ya nani? Na unaitangaza?" Mama mdogo alishajaza skrini kwa vicheko. Ikabidi nikae chini nieleze kwamba huku Uingereza watu hukodisha vijumba vya kale kwa usiku kadhaa. Unapewa ufunguo, shuka, sufuria na jiko, na baada ya hapo hakuna anayekuuliza utakula nini. Unajipikia.

Dada akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo umelipa hela ili ukapike?"

Nimelisikia swali hilo kwa watu wengi tangu tuliporudi, hasa wanawake wenzangu, na sina ugomvi nalo. Mtu anayepika siku 360 kwa mwaka ana haki ya kutaka zile tano zilizobaki aletewe sahani. Hata kwetu pwani, ukipanga nyumba ya mawe Lamu, mara nyingi unaikuta na mpishi wake, na asubuhi anakuuliza leo mnataka samaki wa namna gani. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa hoteli. Safari hii imenibadilisha, na naona jibu liko kwenye methali yetu wenyewe: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hotelini hupewi jembe hata ukikaa mwezi. Unalishwa, unatandikiwa kitanda, unaondoka, na mji umeuona kama mtu aliyetazama harusi kupitia dirishani. Kijumba cha kujipikia kinakukabidhi jembe siku ya kwanza, saa kumi jioni, pale unapofungua jokofu na kukuta maziwa, mkate, mayai manne na basi.

Ludlow iko Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Sisi tulitoka Leicester, tunakoishi, kwa gari, saa mbili na ushee. Wanormani, watawala wa kale waliotoka Ufaransa, waliipanga pembeni ya ngome yao, na tangu mwanzo ilipangwa kwa ajili ya soko: mtaa mpana ukianzia kwenye lango la ngome, watu wauze na kununua. Baadaye wenye meza waligoma kuondoka. Meza zikawa vibanda, vibanda vikawa nyumba, na leo katikati ya mtaa uliokuwa mpana kuna vichochoro vyembamba ambamo watu wawili wakipishana na vikapu lazima mmoja ageuke ubavu. Anayeijua Kariakoo hahitaji kuelezwa jambo hili. Tofauti ni kwamba huku liliachwa, likazeeka, likawa urithi.

Soko lenyewe bado lipo, kwenye uwanja wa mbele ya ngome, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Hapo uwanjani palikuwa na jengo kubwa la halmashauri la karne ya 19, likabomolewa mwaka 1986, na meza zikarudi chini ya anga. Tulifika Alhamisi jioni, kwa hiyo Ijumaa asubuhi nilishuka na kikapu nilichokikuta nyuma ya mlango wa jikoni. Nilinunua viazi, vitunguu, liki, mayai zaidi na tufaha za aina tatu ambazo sijawahi kuziona dukani. Hapunguzi mtu bei, nisikudanganye. Lakini mama wa viazi aliniuliza napika nini, nikamwambia pilau na kachumbari, akataka kujua pilau inataka viazi vya namna gani. Tukazungumza kama dakika kumi, foleni nyuma yangu imetulia tuli. Mgeni wa hoteli hana sababu yoyote duniani ya kuzungumza na muuza viazi.

Kwenye meza ya jibini nikataka kuonja ya mahali hapo, nikaonyeshwa moja ya rangi ya chungwa yenye mishipa ya buluu, inaitwa Shropshire Blue. Nikaibeba kwa fahari. Jioni mume wangu akaichunguza kwenye simu na kuniambia kwamba ilibuniwa Scotland miaka ya 1970, na siku hizi hutengenezwa Nottinghamshire na Leicestershire. Yaani nilisafiri saa mbili kwenda kununua jibini la mkoa ninaokaa. Ilikuwa tamu hata hivyo.

Nyama tulibeba kutoka nyumbani, kwenye mfuko wa barafu, kwa sababu tunakula halali na Ludlow ni mji mdogo. Hili silisikii likisemwa, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Hotelini na mikahawani, mtu kama mimi huishia kula samaki na chipsi siku nne mfululizo, au kumhoji mhudumu kuhusu mchuzi mpaka uso wake unabadilika. Ukiwa na jiko lako, mahojiano yameisha.

Sasa jiko lenyewe. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, kimoja juu ya kingine, ngazi imesimama karibu kama ya kupandia mnazi. Mlango mfupi. Mume wangu ni mrefu, na alijigonga kwenye boriti mara tatu kabla ya kukubali kutembea ameinamisha kichwa kama mtu anayeingia kuamkia wakwe. Kisu kilikuwa butu kiasi cha kutia huruma; kitunguu kilikuwa kinapondeka, hakikatiki. Na nilipokaanga vile vitunguu vya pilau mpaka vikawa vyekundu, kengele ya moshi ikalia. Nikafungua dirisha. Ikaendelea. Mume wangu akapanda kwenye kiti akawa anaipepea kwa taulo, mimi nakoroga mkono mmoja na mkono mwingine nashikilia kiti, tunacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Baadaye nikaambiwa alikuwa anauliza kama tuko salama.

Nyumba kama hizo huwezi kuzirekebisha ovyo. Zimeorodheshwa kisheria kuwa za kihistoria, na hata kubadilisha dirisha mwenye nyumba lazima aombe kibali. Ndiyo maana vioo vilikuwa vya tabaka moja na upepo wa Oktoba ulikuwa unatusalimia kitandani. Karibu na ngazi mwenye nyumba alikuwa ameacha kipande cha ukuta wazi, akakifunika kwa kioo ili wageni waone ulivyojengwa. Nikainama na tochi ya simu. Nguzo za mwaloni, fito zimesukwa katikati, udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi ya ng'ombe, juu chokaa. Kiambaza! Nyumba ya bibi yangu kabisa, hadi alama za vidole vya aliyekandika. Mume wangu alinikuta nimepiga magoti, akadhani nimepoteza hereni. Nyumba ya bibi tuliivunja sisi wenyewe, tukajenga ya tofali za saruji yenye joto la tanuri, na nilichanga. Sikumwambia kitu mume wangu wakati ule, nilimwonyesha tu zile alama.

Jumamosi tulitembea ngomeni. Mwenye kutafuta mambo ya wapenzi wawili Ludlow lazima akutane na Arthur, mrithi wa kiti cha Uingereza, aliyeletwa hapa na bibi harusi wake Catherine wa Aragon. Walioana Novemba 1501. Aprili 1502 kijana akafa humo ngomeni, ana miaka 15. Mjane akaja kuolewa na shemeji yake, Henry wa Nane, na mengine Waingereza wenyewe hawajamaliza kuyasimulia. Fungate ya namna hiyo mtu asiombee. Sisi yetu ilikuwa ya miaka kumi na tisa ya ndoa, watoto wamebaki kwa shangazi yao, na usiku ule mume wangu alipika chipsi mayai.

Hapo ndipo penye sharti langu, na sitalizunguka. Kama mume wako hapiki na haoshi vyombo, nenda hoteli. Kijumba cha kujipikia na mwanamume wa kukaa kochini ni kazi ile ile umeihamishia kwenye jiko usilolijua, lenye kisu butu. Wangu aliwasha jiko la kuni, akamenya viazi, akakaanga, akamimina mayai. Ikafika saa ya kugeuza. Kikaango kilikuwa cha chuma kizito, akafunika sahani juu, akavuta pumzi, akapindua. Nusu ikatua kwenye sahani, nusu ikabaki imegandia. Tuliila hivyo hivyo, na kachumbari ya vitunguu vilivyopondeka.

Kuna jambo moja lilinisumbua na sijalimaliza. Jumapili asubuhi nikihesabu milango mtaani kwetu niliona visanduku vya kuachia wageni wa kukodi funguo kwenye mitano, na madirisha yake yalikuwa giza. Vijana wa mji ule watapanga wapi? Serikali imeanza kubana: tangu Aprili 2025 halmashauri za England zinaruhusiwa kutoza kodi ya halmashauri maradufu kwa nyumba za pili, zile ambazo mwenyewe anaishi kwingine, na ili nyumba ya kukodisha wageni ihesabiwe kuwa biashara lazima ilaze wageni angalau usiku 70 kwa mwaka. Mimi naona afadhali nyumba inayolaza watu kuliko inayongojea mwenyewe aje Krismasi. Lakini najua hii ni hoja ya mgeni.

Jumatatu tulitoa taka, tukatenganisha za chupa na za karatasi kama faili la maelekezo lilivyoamuru, tukaosha sufuria iliyokataa kutoka ukoko. Kwenye daftari la wageni wenzetu waliandika habari za matembezi na mvua. Mume wangu akaandika kwa Kiswahili, mistari miwili, kuhusu boriti. Tumeshaweka nafasi ya Machi, na safari hii nakwenda na kisu changu.