Akidaiwa kuvunja masharti ya probesheni, nani ampe wakili?

Nchini Marekani, mshtakiwa wa jinai asiye na fedha hapelekwi gerezani bila kupewa wakili. Lakini aliyekwisha kuhukumiwa na kuachwa nje kwa probesheni (uangalizi wa afisa badala ya kifungo), au aliyetolewa kwa parole (kabla ya kumaliza kifungo, kwa masharti), akidaiwa kuvunja masharti, Katiba haimpi uhakika huo. Mwaka 1973, katika kesi ya Gagnon dhidi ya Scarpelli, Mahakama ya Juu ilisema ni lazima asikilizwe kabla ya kurudishwa ndani, ila haja ya wakili ipimwe kesi kwa kesi.

Hoja ya majaji haikuwa ya kupuuzwa. Kazi ya afisa wa probesheni, walisema, ni kumsaidia mtu asimame tena. Ukimpa wakili, serikali nayo italeta wake, kikao kitageuka mashindano, gharama na muda vitaongezeka, na waamuzi wanaweza kupungukiwa uvumilivu kwa makosa madogo. Maafisa wanaomaliza mambo kwa onyo wapo kweli, na ingekuwa hasara kuwapoteza.

Hata hivyo, utaratibu huu ni mkali tayari, wakili awepo asiwepo. Kwa kawaida kosa halihitaji kuthibitishwa pasipo shaka. Inatosha ionekane kwamba yaelekea zaidi lilitendeka. Mwaka 1984 Mahakama hiyohiyo iliamua kwamba maneno ambayo mtu wa probesheni alimwambia afisa wake bila kuonywa kwamba ana haki ya kunyamaza yanaweza kutumika dhidi yake. Mwaka 1998 ikaamua kwamba Katiba haizuii ushahidi wa upekuzi haramu kutumika katika kikao cha parole. Mtu anayezungumza na afisa wake kama msaidizi anazungumza pia na shahidi wa upande wa pili.

Kinachonisumbua zaidi ni kipimo chenyewe. Hukumu ya 1973 inasema wakili atolewe hasa pale mhusika anapokana kosa, au anapokuwa na sababu nzito za kujitetea ambazo ni ngumu kuzieleza. Asiye na wakili atajuaje kwamba sababu zake zina uzito kisheria? Mwaka 1983, katika kesi ya Bearden dhidi ya Georgia, mtu asiyejua kusoma alikuwa amefungwa kwa kushindwa kumalizia deni la faini na fidia baada ya kuachishwa kazi. Mahakama ya Juu iliamua kwamba kwanza ichunguzwe kama amekataa kulipa au hana uwezo. Wengi wenye hali kama yake husema tu “ndiyo, sikulipa”, na hapo kikao kimekwisha.

Katika mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu na si za majimbo, mtu asiyeweza kulipa hupewa wakili kwa sheria, na majaji bado huwaacha wengine nje. Kwa hiyo ile hofu ya mwaka 1973 naiona ilikuzwa.

Pingamizi ninalolipa uzito zaidi ni la muda. Anayesubiri akiwa mahabusu huumizwa na kila ahirisho, na wakili anayekutana naye mlangoni dakika chache kabla ya kikao hana la maana la kumfanyia. New York ilipitisha sheria mwaka 2021 inayotaka aliyekamatwa kwa kudaiwa kuvunja masharti ya parole afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, akiwa na haki ya wakili. Huko ndiko ningependa majimbo mengine yaelekee: wakili aje mapema, kabla mtu hajakiri neno lolote.